Haragwe Moja Jeupe

Nannina, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha namsalimu shemeji Bartolo, na huyo mgeni wenu ambaye bado hajauona mwanga namsalimu pia, maana nimesikia anapiga mateke kama punda wa kinu. Je, miguu imeacha kuvimba? Unapata usingizi? Kabla sijaondoka nyumbani Mama alisema ule kipande cha mkate kilichochovywa kwenye mafuta kabla hujainuka kitandani, na usipande ngazi na ndoo ya maji hata mama mkwe akikununia mpaka Krismasi. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, sikohoi. Ukinitazama tu utasema sina neno.

Umeandika mara mbili kuuliza kwa nini sijafika Pistoia, na kitanda changu umekwisha kukitandika. Baba alikujibu kwamba mambo yamebadilika. Unajua Baba huandika hivyo anapoona haya. Sasa nakujibu mwenyewe. Nakuandikia nikiwa monasteri, tena si upande wa shule tulikosoma wewe na mimi, bali upande wa ndani wanakolala watawa. Barua zetu zote husomwa na Mama Mkuu kabla hazijatoka, lakini hii haipiti kwake. Anaichukua Mona Checca mfua nguo. Anasema ataificha kifuani, mahali ambapo hakuna aliyepekua tangu mumewe alipokufa, na mtawa yeyote atakayejaribu itabidi akaungame. Samahani, maneno ni yake.

Na Mama Mkuu wa sasa unamjua. Ni shangazi yetu Umiliana. Wewe ulimwacha akitufundisha kuchonga kalamu za manyoya, mpole, anayekohoa kila akikasirika ili asiseme neno baya. Ngoja nikueleze alivyofika alipo, maana bila hilo hutaelewa lililonipata mimi.

Majira ya baridi yaliyopita, nilipokuwa bado mwanafunzi, bwana mmoja wa mjini alileta kitabu kinakiliwe. Kilikuwa kitabu chembamba, hakina jina la mwandishi, hakijapigwa chapa. Vitabu vya namna hiyo hupita mkono kwa mkono, na kila anayekipokea hutazama nyuma kwanza. Kilieleza namna mtu anavyoupata utawala, na akishaupata, afanye nini asije akanyang'anywa. Yule bwana alitaka nakala nzuri yenye herufi za rangi, amzawadie mkubwa fulani. Shangazi ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kunakili. Akafanya kama tufanyavyo siku zote: akakata uzi wa mshono, akakigawa kitabu vipande vipande, kila mnakili akapewa chake ili kazi iende haraka. Hakuna aliyepata mwanzo na mwisho. Wengine vipande vyao vilianza katikati ya sentensi. Kwa njia hii anayekisoma kitabu kizima ni mmoja tu, yule anayelinganisha nakala na asili kabla ya kushona upya. Huyo alikuwa shangazi.

Kipande changu kilihusu ahadi, lini mtawala azishike na lini aziache. Nilikinakili kama mtu anayeshona mkono wa shati bila kuuliza shati ni la nani. Lakini Sista Benvenuta wa jikoni, ambaye wakati wa baridi huja kunakili kwa sababu chumba kile kina moto, alipata kipande kilichosema askari wa kukodi hawafai, mtu ajilinde kwa watu wake mwenyewe. Kilimwingia kichwani kama divai mpya. Akawa hapumui bila kutaja askari wa kukodi. Alimsumbua marehemu Mama Gostanza, aliyekuwa Mama Mkuu wakati ule, mpaka Meo, mlinzi wa shamba letu la mizeituni, akafukuzwa kwa kuwa ni wa kulipwa, na masista wawili wakongwe wakawekwa kulinda kwa zamu wakiwa na kengele. Wiki hiyohiyo wezi walichuma mizeituni yote ya upande wa mto. Tulipomcheka alisema kitabu hakina kosa, kosa ni la mizeituni kuiva mapema.

Sista Piera hakucheka. Unamkumbuka Sista Piera, aliyenifundisha kusoma, aliyekuwa akinishika mkono chini ya meza nikishindwa kujibu mbele ya wenzangu. Yeye kipande chake kilihusu ukatili, namna ya kuutumia na kiasi chake. Alipomaliza alinawa mikono mara nyingi kuliko wino ulivyohitaji. Alimwuliza padre kama kunakili ni dhambi. Padre akamwambia kwamba mkono unaonakili ni kama mfereji, maji hayaubadilishi. Sista Piera akanong'ona kwamba padre hajawahi kusafisha mfereji.

Wakati wa Kwaresima Mama Gostanza akafariki, Mungu amweke pema. Kila mtu alijua atakayerithi ni Sista Eufrasia mtunza hazina, kwa sababu ukoo wake ni mkubwa na sauti yake ni kubwa kuliko ukoo. Alizunguka akiwaambia watu watakachopata. Shangazi hakumwomba mtu kitu. Alikaa na wagonjwa. Alimsikiliza Sista Benvenuta akililalamikia jiko linalotoa moshi, akasema tu kwamba jambo hilo linamuuma. Na popote alipokuwa alimsifu Sista Eufrasia, ila kwa namna ya kusifu ambayo mtu akiisikia anaanza kumwogopa anayesifiwa. Alisema, yule ana nguvu, ufunguo akishaushika hauachi. Alisema, yule hasahau, hata jambo la miaka kumi analikumbuka. Wazee wakatazamana.

Kura zikapigwa kwa maharagwe kama kawaida. Mona Checca, kwa kuwa si mtu wa Firenze, hachoki kucheka kwamba kwetu haragwe jeusi ni ndiyo na jeupe ni hapana. Anasema ndiyo maana mji huu mambo yake yote yamekaa miguu juu. Basi jina la Sista Eufrasia lilipata meusi mengi, lakini hayakutosha. La shangazi likatosha.

Asubuhi moja baada ya Pasaka, kabla hata hatujanywa supu, mambo yote magumu yakafanyika pamoja. Sista Eufrasia aliondolewa hazina akapelekwa kutunza kuku. Rafiki zake wawili wakahamishiwa nyumba yetu ya mlimani kwenye theluji. Dirisha la nondo, tunapoongea na wageni, likawekewa pazia na msikilizaji. Watu walilia siku hiyo hadi jioni. Kisha halikufuata jambo gumu jingine lolote. Kilichofuata ni mema, tena kwa matone. Jumapili moja tini zilizokaushwa. Jumapili nyingine maji ya moto kwa wazee. Mwezi wa Mei bomba la moshi la jiko likajengwa upya, na Sista Benvenuta akatangaza kwamba tangu Mtakatifu Klara hajatokea mwanamke kama huyu. Mimi nilikuwa nimenakili kipande kimoja tu cha kile kitabu, dada, lakini vilivyobaki nilivisoma kwa macho ukumbini na uani kwa kuku.

Mwishoni mwa Mei nikamaliza shule na kurudi nyumbani. Siwezi kukuambia furaha ile. Nililala mpaka jua likanigusa uso. Niliongea mezani bila kuruhusiwa, na Mama akasema kumbe nina sauti. Barua yako ikaja, ya kwamba niende kukusaidia mtoto akizaliwa, na kwamba yule mwana wa fundi rangi anayeitwa Vieri ameniulizia. Niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya mlango ili Baba asione masikio yangu yalivyokuwa mekundu. Baba alikubali. Ningekwenda baada ya mavuno ya zabibu. Mama akaanza kunishonea gauni la rangi ya majivu, akasema Pistoia kuna upepo.

Mwezi wa Agosti shangazi akamwita Baba. Baba alikwenda asubuhi akiwa mchangamfu, akarudi mchana na jibini kubwa ya kondoo, zawadi ya Mama Mkuu. Akaiweka mezani, hakuikata. Alizungukazunguka mle chumbani, akagusa kila kitu kana kwamba anakinunua, ndipo akasema shangazi anataka nivae shela la utawa. Anahitaji mtu wa damu yake katika chumba cha kunakili. Ameona mwandiko wangu, ameona utulivu wangu, anaamini nina wito. Mama aliacha sindano. Akamwuliza, "Mwanangu umemuuza kwa jibini, Ugo? Angalau ungengoja ng'ombe!" Baba akasema si jibini, ni dada yake, na yeye Mama hamjui Umiliana, amekaa naye sikukuu tu. Akasema tangu watawala wa zamani waliporudi mjini na yeye kufukuzwa ofisini, amebisha kila mlango akabaki kuzisalimia mbao, lakini bibi wa nyumba ya hao watawala huja monasteri kusali, na neno moja la shangazi masikioni mwake lingempa kazi. "Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema. Mama akamjibu aubusu kwa midomo yake mwenyewe.

Mimi unanijua. Maneno yalikuwa mengi na hakuna lililokubali kuwa la kwanza. Nililia tu, na Baba akaona. Baba si mtu mbaya, Nannina, nataka hilo ulikumbuke ukimaliza kusoma. Alikuja akapiga goti mbele ya kiti changu kama tulipokuwa wadogo, akaniambia kwamba hawezi kumkatalia dada yake, lakini msichana hapokewi mpaka watawa wote wampigie kura, na meusi yasipofika theluthi mbili basi amekataliwa, na hakuna wa kulaumiwa. Akaniahidi kwa roho ya baba yake kwamba nikikataliwa atanipeleka Pistoia siku hiyohiyo, hata kama ni kwa kukodi nyumbu. Akaniambia, "Wako wanaomchukia shangazi yako. Waache wakuokoe."

Nikakishika hicho. Usiku na mchana nilihesabu nyuso. Rafiki za Sista Eufrasia, hao kwa hasira tu wangenipa jeupe. Vijana niliosoma nao, hao walijua moyo wangu. Nilichohitaji ni watu wa kunikataa wanaozidi kidogo tu theluthi moja, na sijawahi kutamani kukataliwa kwa namna ile. Nilisali nikataliwe. Nilimwahidi Bikira Maria mshumaa.

Nililetwa hapa mwezi wa Septemba, siku chache kabla ya kura, nikalazwa chumba cha wageni. Nilimwendea Sista Piera bustanini alipokuwa akichuma kabichi nyeusi. Kwa mara ya kwanza nilisema yote. Nilimwambia kuhusu wewe, na mtoto, na gauni, hata Vieri nilimtaja. Alinifuta uso kwa aproni yake yenye udongo. Akaniambia nisiwe na hofu, haragwe lake ni jeupe, na ya wenzake waliokaa naye benchi moja yatakuwa meupe pia. Akaniambia Mungu hahitaji mateka. Sista Eufrasia nilimkuta kwa kuku. Hata hakugeuka. Alisema kwamba mtoto wa ukoo ule hapati ndiyo yake hata akija na mbawa, na kwamba yeye akinikataa atakuwa amewafurahisha watu wawili kwa haragwe moja. Na Sista Benvenuta alinikonyeza dirishani akasema, "Usihofu, kifaranga wangu, kwetu jikoni maharagwe meupe tunayo ya kulisha jeshi. Tena si la kukodi!" Nilicheka, dada. Nililala usingizi mzito usiku ule.

Kuhusu shangazi, sikuona analolifanya. Alinipokea kwa kunibusu kipaji cha uso. Hakumwita mtu chumbani kwake, hakumtishia mtu. Asubuhi ya kura, kabla ya kupiga, alisimama mbele yao wote akasema maneno machache, na Sista Benvenuta ndiye aliyenisimulia baadaye. Alisema kwamba msichana huyu ni damu yake, kwa hiyo hatawaomba kitu. Kila mmoja afuate dhamiri yake. Watakaotia jeupe watie kwa amani, kwa maana yeye hatatafuta kujua ni akina nani. Akarudia tena, taratibu, kwamba hatatafuta kujua. Kisha akakohoa.

Mimi nilikuwa nje ya mlango na gauni langu la majivu, kwa sababu Mama alinivisha hilo akiamini nitatoka nalo. Nilisikia viatu vyao vikienda kwenye sanduku kimoja kimoja. Kila mtawa hupewa haragwe jeusi na jeupe. Huingiza mkono chini ya kitambaa na kuliacha analotaka, na la pili hutumbukizwa katika chungu cha jikoni ili lisijulikane. Kisha wakaniita. Sanduku likamwagwa juu ya kitambaa mezani, mbele yangu, kama ilivyo desturi, ili msichana ajue amepokewa na wangapi. Nilisikia yanavyodunda. Nikatazama. Kitambaa chote kilikuwa cheusi, Nannina. Sista mhesabuji alikuwa akiyatenga kwa kidole, jeusi, jeusi, jeusi, na mle ndani hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Karibu na ukingo wa meza kulikuwa na moja jeupe. Moja tu.

Wakaimba. Nikavuliwa gauni.

Nilimtafuta Sista Piera baada ya wimbo, nikaanguka nikaibusu mikono yake. Nilijua ni lake. Katika kundi lote lile alikuwepo mmoja aliyesimama upande wangu, na moyo wangu, ingawa ulikuwa umevunjika, ulikuwa na mahali pa kukaa. Sista Piera alivuta mikono yake polepole kama mtu anayechomoa nguo kwenye mwiba.

Baba aliandika kwamba anasikitika, lakini maharagwe yamesema. Kazi ameipata. Wamempa kiti katika ofisi ya lango la Prato, anaandika magunia yanayoingia. Mama hajaniandikia.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachonikosesha raha kuliko shela lenyewe. Shangazi hakutafuta kujua, kama alivyoahidi. Wao ndio waliotafuta. Siku ileile minong'ono ilianza kuhusu nani aliyetia jeupe. Rafiki za Sista Eufrasia walisema ni Benvenuta, kwa kuwa aliropoka jikoni kuhusu maharagwe. Benvenuta akaapa mbele ya jino la mtakatifu wetu linalotunzwa kanisani kwamba alitia jeusi, tena alitia kwa moyo, na kama wanatafuta msaliti wakachungulie kwa kuku. Sista Eufrasia akamjibu kwamba kuku wake wana akili kuliko mpishi fulani. Waliokuwa marafiki wakaacha kukaa pamoja. Kila mmoja ili ajisafishe alimchafua mwenzake, na wote walikwenda mmoja mmoja kwa Mama Mkuu kumhakikishia kwamba si wao. Yeye aliwapokea kwa upole, akawaambia hakuuliza. Na mimi nikawa kama mgonjwa wa tauni, maana anayeonekana akinichekea ndiye anayedhaniwa. Sista Piera alianza kupita upande wa pili wa ua.

Siku moja tulikutana katika chumba cha mashuka, hakukuwa na njia ya kupishana. Nilimwambia tu asante, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuisema kwa mdomo. Akakaa chini juu ya kapu, na uso wake ukawa wa kikongwe. Akasema si yeye. Alitia jeusi. Mkono ulipokuwa chini ya kitambaa aliyakumbuka yale maneno, kwamba hatatafuta kujua, akakumbuka nyumba ya mlimani na kifua chake kinavyombana kwenye baridi. Akajiambia kwamba wenzake ni wengi, wao watatia meupe ya kutosha, na lake moja halitapungua kitu. "Nilidhani wao watakuokoa, mwanangu," alisema. "Kumbe kila mmoja alidhani hivyo hivyo." Sikumkasirikia. Nilimsaidia kukunja mashuka. Lakini tangu hapo, nikiwatazama kanisani, nikawa namtafuta mwenye lile moja jeupe, na kila uso nikaupenda kidogo, kwa kuwa ungeweza kuwa wenyewe.

Wiki iliyopita shangazi aliniita chumba cha kunakili. Bwana mwingine anataka nakala ya kile kitabu kidogo. Mimi ndiye nitakayelinganisha vipande na kushona. Aliniketisha kwenye kiti chake cha zamani. Nikakusanya ujasiri wa miaka yangu yote kumi na sita, nikamwuliza kama anamjua aliyetia haragwe jeupe. Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani nilitaka jina la kuombea.

Alifunga mlango akasema ni yeye.

Alisema kwa utulivu, kama anavyofundisha kuchanganya wino. Kama yote yangetoka meusi, wangetazamana pale pale na kugundua kwamba wote wamenyamazishwa na woga uleule. Watu wakishajua kwamba wanaogopa pamoja, huanza kuongea pamoja, na hapo Mama Mkuu hana siku nyingi. Lakini likiwepo moja jeupe, kila mmoja humwogopa aliye kando yake, na majira yote ya baridi watakuwa na kazi. Nikamwuliza alijuaje kwamba wengine wote watatia meusi. Akasema hakujua kwa yakini, ila alijua kila mmoja wao ni mwema na kila mmoja anawaamini wenzake kuwa wema zaidi, na hilo huwa linatosha. Kisha akanishika kidevu akasema kwamba nisimwone hana huruma, kwani katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyepiga kura niende kwa dada yangu. Alitabasamu. Nadhani aliamini kwamba ananipa kitu.

Nilimwuliza kwa nini ananiambia. Alisema kwa sababu kuna siku atakuwa mzee.

Sikuweza kukaa nalo peke yangu. Nilimtafuta Sista Piera nikamweleza yote, nikidhani atakwenda kuwaambia wenzake, na wataacha kuumana, na labda hata kwangu kitapatikana kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniziba mdomo kwa kiganja, si kwa ukali. Akaniomba nisimwambie mtu mwingine. Alisema, "Niache niamini shangazi yako ni mwongo. Maana kama amesema kweli, basi mle ndani hapakuwa na hata mmoja wetu."

Ndivyo ilivyo, dada. Hiyo ndiyo sababu sijaja, na sitakuja. Usimjibu Baba kwa hasira, na usinijibu mimi juu ya mambo haya, kwa kuwa barua zinazoingia nazo hufunguliwa. Niandikie habari za mtoto tu, meno, usingizi, anafanana na nani, mambo kama hayo. Kitanda mpe mwingine. Gauni la majivu limepewa maskini. Vieri, kama akiuliza tena, mwambie ukweli kwa kifupi, kwamba kura zilipita.

Jambo moja nakuomba unisaidie kwa sala. Nikishaweka nadhiri nitakuwa na haki ya kura. Upande wa shule yuko mtoto mmoja, Tita, wa miaka tisa, anayecheka akisali, na baba yake ameanza kuja dirishani mara kwa mara na shangazi humpa jibini. Siku itafika nitawekewa maharagwe mawili kiganjani kwa ajili yake. Niombee siku hiyo nisije nikafikiria kwamba wenzangu ni wengi.

Msalimie shemeji Bartolo. Msalimie mama mkwe, hata kama ananuna. Mpapase mgeni wetu tumboni kwa niaba yangu, na Mungu akujalie ujifungue salama, upesi, na pasipo maumivu mengi. Mona Checca amesimama mlangoni na kapu, anasema nikiandika neno moja zaidi kifua chake hakitatosha.

Mdogo wako akupendaye,
Dianora